Zibua

Agosti ya imbalu, na mvua haikujali sherehe ya mtu.
Wanale imejitanda wingu mpaka kiunoni,
kamba za nguo nyuma ya gesti zinachuruzika tangu Jumanne,
na shuka zinaniangukia mafungu kwa mafungu:
zina unga wa ulezi, zina tope,
zina jasho la waliocheza tangu Bungokho hadi alfajiri.
Basi nailisha mashine.

Mashine yenyewe ni ya mkono wa tatu,
ilitoka hoteli moja ya Kampala iliyofungwa,
ikafika Mbale juu ya lori la vitunguu.
Zamani taulo zilikauka kwa dakika arobaini.
Wiki hii saa nzima. Kisha saa na nusu.
Leo nimezitoa baada ya saa mbili, pindo bado mbichi,
na bati la juu linaniunguza kiganja.

Bwana Wopuwa akasema: Imezeeka, Nelima, ivumilie.
Nikanyamaza.
Nina miaka kumi na mmoja katika kazi ya nguo.
Najua kuzeeka, na najua kukabwa koo.

Halafu Kuloba, mlinzi, saa nane za usiku,
akanigongea: Nani anababua kuku?
Hakuna aliyebabua kuku.

Nikazima. Nikachomoa waya ukutani,
nikaukalia, asije mtu akauchomeka.
Asubuhi nikaivuta mashine kwa makalio na matusi,
nikalegeza bomba la bati linalotokea uani,
nikaingiza waya wa breki ya baiskeli
wenye brashi ya chupa ya mwanangu kwenye ncha.

Wageni wote walikuwamo.
Rangi ya samawati ya yule muuguzi wa Kapchorwa,
wekundu wa blanketi la bwana harusi,
nywele, uzi wa gomesi, noti ya elfu moja iliyosagika,
vyote vimelala pamoja, laini kama kifaranga,
vikavu kuliko chochote Mbale nzima.
Navuta, vinakuja. Navuta, vinakuja.
Ndoo ikajaa, nikachukua beseni.

Na mwishoni kabisa, penye mdomo wa bomba,
kiota.
Shomoro alikuwa amejijengea kwa nyuzi zetu,
akatandika, akazungusha, akakaza,
fundi kushinda aliyelifunga bomba.
Hakikuwa na yai. Nilitazama mara mbili.
Hata hivyo nilikibeba kwa mikono miwili
kama mtu aliyeshikwa na kitu cha jirani.

Bwana Wopuwa akaja na mswaki mdomoni.
Kelele zote hizi kwa ajili ya vumbi?
Sikubishana. Nilichota tonge, dogo, la kuziba sikio,
nikaliweka juu ya sigiri iliyopoa, nikawasha kiberiti.
Halikuwaka kama kuni. Halikuwaka kama karatasi.
Lilikuwepo, halafu halikuwepo,
na nyusi zake zikarudi nyuma hatua moja.
Akatazama beseni.
Akatazama dari la mbao, na vyumba kumi na viwili juu yake,
na viatu vya watoto mlangoni pa namba saba.
Akatema povu taratibu.

Fundi wa Namakwekwe alitaka kuweka wavu, ndege wasirudi.
Nikakataa: wavu hushika nyuzi, tutarudi palepale.
Tukaweka kifuniko cha bawaba,
kinachofunguka mashine ikipumua
na kujifunga ikinyamaza.

Wahenga walituachia ufa wa kuziba.
Bomba hawakulijua.
La bomba nalisema mimi: usipozibua,
hutapata hata ukuta wa kujenga.

Taulo leo: dakika thelathini na nane.
Uani panatoka mvuke wenye harufu ya sabuni,
paka amehamia hapo.
Kiota nimekiweka kwenye pembe ya paa la jiko, mbali na moshi;
shomoro hajakitaka, ana kiburi chake.
Nimeandika tarehe ukutani kwa mkaa,
na chini yake nafasi ya mwezi ujao, na unaofuata.

Bwana Wopuwa analalamika kwamba nimemchafulia ukuta.